Kiebrania Nilichokiokota Kwenye Pilipili

Ukishuka basi Tunduma, kabla hujafika forodhani utakuwa umeshasoma Kiebrania mara kadhaa bila kujua. Duka la vifaa vya ujenzi linaitwa Ebeneza. Saluni ni Shalom. Mgahawa wa wali maharage ni Betheli, na nyuma ya lori lililokwama kwenye foleni ya kuingia Nakonde pameandikwa Elshadai kwa rangi nyekundu. Wenye mali hawajaisomea lugha hiyo, wala hawana haja. Majina yametoka kwenye Biblia, yameombewa, yamepigwa rangi, basi.

Nimekulia humo. Kwetu ni Mbozi, familia ya Kimoraviani, na kanisani kila kundi la akina mama lilikuwa na Debora wake, Rakeli wake na Zipora wake. Kwangu Kiebrania kilikuwa lugha ya manabii, ya kuheshimiwa kwa mbali. Kwamba kuna mahali mtu anakitumia kuagiza koki ya maji ifungwe, hilo halikuwahi kunijia kichwani.

Lakini jambo jingine nililijua tangu utotoni: namna watu wanavyojifunza lugha wakiwa na shida nayo. Mjomba wangu alikuwa akibadilisha fedha mpakani, kwacha kwa shilingi, akiwa na mkoba begani na kikokotoo mkononi. Kibemba hakukisomea popote. Alianza na hesabu, kwa sababu ukikosea hesabu umekula hasara. Akaja kwenye salamu, mwashibukeni ya asubuhi. Akafuatia maneno ya ugomvi. Baada ya hapo akawa anaongea. Kinyamwanga kilimsaidia, maana kinasemwa pande zote mbili za mpaka na kina undugu na Kibemba, hivyo neno moja akilishika mengine yanakuja yakilifuata. Madereva wa Lubumbashi nao walimwachia Kiswahili chao chenye Kifaransa katikati. Ungemuuliza mjomba kanuni za lugha angekucheka. Alizijua zote, ila hakujua kwamba zinaitwa kanuni.

Nilimkumbuka sana nilipofika jangwa la Arava, kusini mwa Israeli.

Nilikwenda kwa kilimo. Nilikuwa nimehitimu Sokoine, Morogoro, nikapata nafasi katika mafunzo ya vitendo ya karibu mwaka mzima ambayo yamewapeleka Israeli vijana wengi wa Kitanzania. Arava ni bonde refu linaloenea kutoka Bahari ya Chumvi hadi Eilat. Mvua yake ya mwaka mzima haifiki ile inayonyesha Mbozi kwa wiki mbili za Machi. Pamoja na hayo vijiji vyake vinaishi kwa pilipili hoho, zinazolimwa ndani ya vitalu nyumba vya neti na kunyweshwa kwa matone, mche mmoja mmoja.

Neno la kwanza nililipata bure. Pilipili kwa Kiebrania ni pilpel. Ni neno lilelile lililotoka India na kuzunguka dunia pamoja na biashara ya viungo, likatua kwetu pwani na likatua kule. Nikajipa moyo kwamba kazi itakuwa rahisi. Nilikuwa na daftari nililonakili maneno kutoka kwenye simu kwa kufuata alfabeti: kijana, kijani, kijiji, kijiko. Ninayasoma usiku, asubuhi yameyeyuka. Ukiyatazama utaona sababu. Kijana na kijiko havijawahi kukutana popote ila kwenye kamusi.

Aliyenitoa huko alikuwa mhasibu wa banda la kufungashia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kwetu ningemwita mama na kumpa shikamoo yake. Kule kila mtu anaitwa kwa jina lake tu, hata mzee wa miaka themanini, na wiki za mwanzo nilikuwa nikikohoa kwanza ndipo nimwite. Siku moja wakati wa chai aliliona daftari langu, akalipekua, akacheka. Akachana kifuniko cha boksi la pilipili, akachukua kalamu ya wino mzito tunayoandikia uzito wa mzigo, akaandika herufi tatu: kaf, tav, bet.

"Shoresh," akasema.

Neno hilo nilikuwa nalo tayari, kutoka shambani. Siku chache nyuma msimamizi wetu aling'oa mche ulionyauka, akautikisa mchanga na kutuonyesha vinundu vya minyoo fundo kwenye mizizi. Shoresh ni mzizi. Yule mama akaanza kuchora mistari kutoka kwenye zile herufi tatu, kila mstari na neno lake. Katav, aliandika. Mikhtav, barua. Ktovet, anwani, ile tunayobandika kwenye boksi. Katava, makala ya gazeti. Ktuba, hati ya ndoa ya Kiyahudi. Nikamwomba kalamu. Nikaandika upande wa pili: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Akavua miwani. Akaniuliza kama mimi ni Mwarabu. Nikamwambia hapana, mimi ni Mnyiha, ila lugha yetu imekaa pwani na Waarabu kwa miaka mingi. Akaita wenzake waje kuona lile boksi.

Jambo lenyewe ni hili. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa ukoo mmoja, na katika lugha hizo neno hujengwa juu ya konsonanti, mara nyingi tatu, zinazobeba wazo. Irabu na viambishi vinabadilika kuonyesha kama wazo hilo ni tendo, mtendaji, mahali au kifaa. Tena Kiebrania cha kila siku huandikwa bila alama za irabu. Magazetini, kwenye vibao vya barabarani, kwenye pakiti ya mbolea, unachokiona ni konsonanti, na kazi ya kujaza sauti ni yako. Kwa hiyo mzizi hauhitaji kuchimbuliwa na mtaalamu. Umekaa wazi kwenye karatasi.

Kiswahili ni Kibantu, na sarufi yake haifanyi kazi namna hiyo. Sisi hatuwezi kuchukua p na k za "pika" tukabadilisha irabu za ndani na kupata mpishi wa aina nyingine. Lakini tulikopa kwa Waarabu maneno mengi kiasi kwamba tunatembea na mizizi yao mfukoni. Na upo msaada mwingine ambao watu huusahau. Tuna mazoea ya kugeuza kitenzi kimoja kuwa vitenzi vingi: andika, andikia, andikisha, andikiana. Yule mama aliponieleza kwamba likhtov ni kuandika, lehakhtiv ni kumsomea mtu imla na lehitkatev ni kuandikiana barua, wenzangu wa mataifa mengine walikuna vichwa. Mimi nilikuwa ninasikia andika, andikisha, andikiana. Vivyo hivyo lilmod ni kujifunza na lelamed ni kufundisha, mzizi mmoja wa l-m-d, kama sisi tulivyo na soma na somesha. Na lile umbo la vitenzi linaloanza na lehit- mara nyingi linafanya kazi ya "ji-" yetu: lehitrachetz ni kujiosha, lehitlabesh ni kujivika nguo. Mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza huliona jambo hili kama mlima. Kwa Mswahili ni tambarare.

Halafu hesabu. Hapa ndipo mjomba wangu angefurahi.

Moja hadi kumi tumechanganya za Kibantu na za Kiarabu, lakini makumi yetu yote kuanzia ishirini yametoka Arabuni. Yaweke sambamba na ya Kiebrania: ishirini ni esrim, thelathini ni shloshim, arobaini ni arba'im, hamsini ni chamishim, sitini ni shishim, sabini ni shiv'im, themanini ni shmonim, tisini ni tish'im. Mia ni me'a. Elfu ni elef. Kwenye banda la kufungashia hesabu ndiyo lugha yenyewe: maboksi mangapi kwenye chaga, kilo ngapi, shekeli ngapi. Nilizishika kwa muda mfupi kuliko nilivyoshika njia ya kwenda dukani. Hata siku za wiki zilikuja na zawadi yake. Kwa Kiebrania siku zinahesabiwa kuanzia Jumapili, hivyo Alhamisi ni yom chamishi, siku ya tano, na Alhamisi yetu nayo maana yake ni ya tano. Kichekesho ni kwamba sisi tuna tano mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, moja ikihesabiwa kuanzia Jumamosi na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu, na hakuna mtoto wa Tanzania aliyewahi kuchanganyikiwa.

Ukishazoea, unaanza kuona sauti zinavyohama. S ya kwetu mara nyingi ni sh kule: salama na shalom, saba na sheva, saa na sha'a, saumu ya kitunguu na shum. B huweza kuwa v: karibu na karov. H yetu nyepesi, ile ya hesabu, kule inakwaruza kama mtu mwenye mwiba wa perege kooni: cheshbon. Hilo la mwisho ndilo unalosema hotelini ukitaka bili, na mzizi wake ndio uliozaa machshev, yaani kompyuta, na machshava, yaani fikra. Roho ni ruach, nafsi ni nefesh, damu ni dam, mizani ni moznayim. Orodha ni ndefu, na raha yake ni kuitafuta mwenyewe.

Nikiwa katika kazi hiyo nilimkumbuka Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani ambaye Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937. Roehl alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu ili Kiswahili cha Biblia kiwe cha Kibantu zaidi. Ninaielewa nia yake. Alikuwa akiwafikiria watu wa bara, watu kama babu zangu. Lakini maneno mengi aliyokuwa akiyang'oa ndiyo yaliyokuwa ndugu wa damu wa maneno ya Kiebrania aliyokuwa akiyafasiri. Biblia ya Union iliyokuja 1952 iliyabakiza, na hiyo ndiyo iliyokaa midomoni mwa watu.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu wapo wanaosikia habari ya mizizi wakadhani wamepata ufunguo wa kila mlango. Mzizi ni wa kukumbukia neno ulilokwisha kulisikia. Si wa kubunia maana ya neno usilolijua. Lahm kwa Kiarabu ni nyama. Lechem kwa Kiebrania ni mkate, ndiyo maana Bethlehemu hufasiriwa nyumba ya mkate. Mzizi mmoja, vyakula viwili. Mwenye kubuni atakwenda duka la nyama kutafuta mkate. Na neno safari haliwezi kukupeleka kwenye sefer, ambacho ni kitabu, wala sipur, hadithi, wala mispar, namba, hata kama s-f-r zinafanana machoni. Maana haikai kwenye herufi. Inakaa kwenye kinywa cha mtu aliyesimama mbele yako na kazi anayoifanya wakati huo.

Kwa sababu hiyo shambani nilijifunza zaidi kuliko kwenye maboksi. Ruach, ambayo Jumapili zote za utoto wangu ilikuwa Roho na herufi kubwa, niliisikia mara ya kwanza ikipigiwa kelele saa tisa mchana: yesh ruach! Kuna upepo. Maana yake kimbieni mkafunge neti kabla hazijachanika. Debora wetu wa kanisani nilimkuta ndani ya kitalu nyumba. Dvora ni nyuki, na yule msimamizi alikuwa akituonya tusiguse visanduku vya nyuki wa kuchavusha maua ya pilipili. Zipora ni ndege, tzipor. Rakeli ni kondoo jike. Yona ni njiwa. Tamari ni mtende, na kule mitende imepangwa mistari kwa mistari. Kwenye ukuta wa banda kulikuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza kimeandikwa ezra rishona. Ezra ni msaada. Ndipo nikaielewa Ebeneza ya Tunduma: even ni jiwe, ezer ni msaada, jiwe la msaada. Kwa duka la saruji na nondo, mwenye duka alichagua vizuri kuliko alivyojua.

Na bet ya Betheli ni nyumba, ambayo Waebrania wanaitumia kila mahali. Shule ni nyumba ya kitabu, beit sefer. Hospitali ni nyumba ya wagonjwa. Mahakama ni nyumba ya hukumu. Banda letu lilikuwa beit ariza, nyumba ya kufungashia. Neno hilohilo la Kisemiti lilitufikia sisi kupitia kwa washairi: ubeti wa shairi ni nyumba.

Lakini neno nililokaa nalo kuliko yote ni savlanut.

Huwezi kukaa Israeli siku mbili bila kulisikia, na mara nyingi linasemwa na mtu ambaye mwenyewe hana hata chembe yake. Dereva anampigia honi aliye mbele, aliye mbele anatoa mkono dirishani amekusanya ncha za vidole pamoja, anautikisa juu chini: savlanut! Subira! Nilimuuliza mama mhasibu mzizi wake. Akaandika s-b-l, na chini yake: sabal, mpagazi, sevel, mateso, lisbol, kuteseka, kubeba, kuvumilia, savlanut, uvumilivu. Mtu anayebeba mzigo, maumivu ya kubeba, na moyo wa kuendelea kubeba, vyote kutoka herufi tatu.

Niliangalia kile kipande cha boksi kwa muda. Kisha nikaona kwamba ninayo yangu. Hamali ni mbeba mzigo. Kuhimili ni kuubeba usikuangushe. Kustahimili ni kuvumilia. Himila ni mzigo. Huu ni mzizi mwingine kabisa, h-m-l wa Kiarabu, na hauhusiani na ule wa Kiebrania hata kidogo, lakini wazo limepita njia ileile. Watu wawili wa mbali, kila mmoja kwa herufi zake, wamewatazama wabeba mizigo na kuona jambo lilelile. Nami wabeba mizigo ninawajua. Nimewaona maisha yangu yote pale mpakani, kijana ana gunia la mchele begani na taulo shingoni, anapenya katikati ya malori akipiga kelele apishwe. Tangu siku hiyo savlanut haijanitoka, na hakuna kamusi ingenipa hilo.

Mfano mwingine wa matumizi. Sabato kila mtu wa mkoa wetu wa Songwe anaijua, hasa majirani zetu Wasabato. Shabbat imetoka kwenye sh-b-t, kukoma, kuacha kazi. Basi jioni moja redio ya banda ilitaja shvita na watu wakaguna. Ni mgomo. Mzizi wa Sabato ndio wa mgomo, maana pande zote mbili kazi imesimama, tofauti ni nani ameamuru. Madereva wanapogoma Tunduma na foleni ikajaa hadi Mpemba, ninajikuta ninawaza kwamba Waebrania wangekuwa na neno lake tayari.

Watu huniuliza ilikuwaje lugha ya manabii ikawa na neno la kompyuta. Jibu linaanza na mtu mmoja mkaidi. Eliezer Ben-Yehuda alizaliwa 1858 katika himaya ya Urusi, akahamia Yerusalemu 1881, na mwanawe alipozaliwa mwaka uliofuata aliamua asisikie lugha nyingine yoyote nyumbani ila Kiebrania. Kilikuwa kinasomwa, kinasaliwa na kuandikwa, lakini hakuna mtoto aliyekuwa akiamka nacho. Ben-Yehuda alikosa maneno ya mambo madogo madogo, akayaunda kutoka kwenye mizizi ya zamani. Kutoka mila, yaani neno, akapata milon, kamusi. Kutoka et, wakati, akapata iton, gazeti. Wengine walifanya kazi hiyohiyo pamoja naye au kwa kushindana naye. Treni ni rakevet, kutoka r-k-v, kupanda chombo. Ndugu yake wa kale ni merkava, gari la farasi la Farao, na ndugu yake wa kwetu ni marikebu. Nikisikia honi ya TAZARA ikiingia stesheni ya Tunduma ninaviona vyombo vitatu vimefungwa kamba moja: kimoja baharini, kimoja jangwani, kimoja juu ya reli.

Hata Ben-Yehuda hakushinda kila mara. Nyanya, zao ninalolilima sasa, walilipa jina agvaniya, kutoka mzizi unaohusu ashiki. Yeye aliliona ni la aibu, akataka watu watumie badura, la Kiarabu. Watu wakaendelea na agvaniya, na hadi leo mama wa nyumbani anachagua agvaniyot sokoni bila kufikiria ashiki yoyote. Kwetu ni hivyohivyo. BAKITA ipo tangu 1967 na kamusi zina tarakilishi na ngamizi, lakini ukiingia steshenari ya mtaani Tunduma kutoa nakala ya kitambulisho utaambiwa subiri, kompyuta inawaka. Wataalamu hupendekeza, wauza nyanya ndio wanaopitisha.

Kuna mzizi mmoja ambao siupendi. Karov ni karibu. Krovim ni jamaa, watu wa karibu, kama akraba. Korban ni kafara ya hekaluni, kurbani, kile kinachomkaribisha mtu kwa Mungu. Na kwenye habari za leo korban ni mwathirika, mtu aliyekufa ajalini au vitani. Krav ni pigano, watu wakishakaribiana kwa silaha. Niliyajua yote hayo kama somo la kawaida mpaka Oktoba 7, 2023. Siku ile vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kule kwa mafunzo ya kilimo kama yangu waliuawa katika shambulio lililotoka Gaza. Nilikuwa nimesharudi Songwe. Nilisoma habari kwa Kiebrania kwenye simu, polepole, konsonanti kwa konsonanti, na korbanot lilikuwa katika kila mstari. Vita iliyofuata Gaza imeua makumi ya maelfu. Kujua lugha ya watu hakukulazimishi kukubaliana nao, wala hakukuruhusu tena kuisoma habari yao kana kwamba inatokea mwezini.

Sasa ninalima nyanya na hoho Mlowo, kwa mipira ya matone, na vijana wanaosubiri nafasi za kwenda mafunzoni hunifuata wakitaka Kiebrania. Wengi huja na orodha za maneno kwenye simu, zimepangwa kwa alfabeti. Huwa ninawataka wanunue daftari, kila ukurasa mzizi mmoja, na chini ya kila neno sentensi waliyoisikia ikisemwa na mtu, si waliyoitunga. Ukurasa usio na sentensi ni ukurasa mtupu. Wengine huona ni kazi ya kizamani. Huwaambia kwamba Mbozi hapahapa Mmoraviani Traugott Bachmann alikaa na Wanyiha kuanzia mwaka 1899, bila kamusi ya kununua popote, akiokota maneno kwa watu kwenye shughuli zao, na mwaka 1913 Agano Jipya la Kinyiha likachapwa. Sidhani alianza na kijana, kijani, kijiko.

Kinachonisumbua zaidi ni shule zetu. Mtoto wa Tunduma anaingia kidato cha kwanza akiwa na Kinyamwanga cha bibi, Kiswahili cha mtaani na Kibemba cha sokoni. Tayari anajua kwa masikio jinsi neno linavyozaa neno: lima, mkulima, kilimo, limika, limisha. Kisha tunampa Kiingereza kwa orodha ya maneno ishirini ya kukariri hadi Ijumaa, kana kwamba hajawahi kujifunza lugha maishani. Mwanafunzi huyohuyo jioni yupo mpakani anawauzia Wazambia maji ya chupa na kurudisha chenji kwa kwacha bila kukosea.

Mwalimu unayesoma hapa, kabla hujampa orodha nyingine, muulize kwanza alikipataje Kibemba. Kisha mfundishe Kiingereza kwa njia hiyo.